Benshi wa Huruma: Sinema ya Asia, Tamasha la Kimataifa na Fanani wa Kibanda cha Video

Utangulizi

Mwaka 1951 filamu ya Kijapani iitwayo Rashomon, iliyoelekezwa na Akira Kurosawa, ilitunukiwa Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice nchini Italia. Mwaka 1956 tamasha la Cannes nchini Ufaransa liliituza Pather Panchali, filamu ya kwanza ya Satyajit Ray wa Bengali. Mwaka 1997 Abbas Kiarostami wa Iran na Shohei Imamura wa Japani waligawana tuzo kuu ya Cannes, na mwaka 2019 tuzo hiyo hiyo ikamwendea Bong Joon-ho wa Korea Kusini kwa filamu yake Parasite. Hii ndiyo historia ambayo husimuliwa kila tamasha la kimataifa linapotenga juma la kuiadhimisha sinema ya Asia. Ni historia ya waelekezi, majopo ya waamuzi na vikombe.

Historia hiyo ni ya kweli, ila ina upungufu mmoja mkubwa. Inachukulia kwamba filamu ya Asia huanza safari yake ya kimataifa pale inapopokewa na jopo la Ulaya. Ilhali miongo mingi kabla ya Parasite kufika Cannes, mitaa ya mashariki mwa Nairobi ilikuwa imeshawapokea Bruce Lee, Jackie Chan na Amitabh Bachchan, ikawapa lugha mpya na kuwajadili kwa bidii ambayo mhakiki yeyote angeionea fahari. Waliokuwa wakijadiliana hawakuwa na kadi za mwaliko shingoni. Walikuwa wamelipa shilingi 10 au 20 mlangoni.

Makala haya yanadai kwamba sherehe ya kweli ya sinema ya Asia katika Afrika Mashariki imefanyika katika vibanda vya video vya mitaa kama Huruma, na kwamba mhimili wa sherehe hiyo ni mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya waigizaji wala ya mafundi, yaani msimulizi aitiaye filamu Kiswahili huku picha zikiendelea kupita. Msimulizi huyo ni fanani kwa maana kamili ya neno hilo katika nadharia ya fasihi simulizi. Tena, Asia yenyewe ilikuwa na wenzake, na matamasha ya kimataifa huwaenzi.

Huruma na kibanda chake

Huruma ni mtaa wa Eastlands unaopakana na Mathare upande mmoja na Kariobangi upande mwingine, Barabara ya Juja ikiuunganisha na Pangani na katikati ya jiji. Ni mtaa wa maghorofa ya kupangisha yaliyobanana hata jua likapata shida kufika chini, na aghalabu familia nzima huishi katika chumba kimoja. Nchi nzima iliusikia mtaa huu mwishoni mwa Aprili 2016, ghorofa moja lilipoporomoka usiku wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40. Mahali ambapo chumba cha kulala ndicho jiko na ndicho sebule, kijana hana pa kukaa na wenzake jioni. Kibanda cha video kilijaza pengo hilo.

Vibanda hivi havikutofautiana sana, iwe ni Huruma, Mathare, Korogocho au Dandora. Kuta za mabati au chumba cha chini cha ghorofa. Mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Runinga moja, baadaye mbili, juu ya rafu. Deki ya kanda na, kuanzia miaka ya 2000, mashine ya CD na DVD. Spika kubwa kuliko inavyohitajika. Pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na macho ya wasiolipa. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, na tahajia za majina hayo zingeweza kufanyiwa utafiti wa peke yake. Wikendi ilikuwa ya soka ya Uingereza. Siku nyingine zilikuwa za filamu.

Filamu za Asia zilifika huko kwa njia mbili. Za Kihindi zilitangulia kupitia kumbi za sinema zilizojengwa ambako Wakenya wenye asili ya Asia walikuwa wengi, kama vile ukumbi wa Shan huko Ngara, ambao baadaye ulinunuliwa na shirika la Sarakasi na kuwa ukumbi wa sarakasi, ngoma na muziki. Za mapigano kutoka Hong Kong zilishika kasi baada ya Enter the Dragon ya mwaka 1973, filamu ambayo Bruce Lee hakuishi kuiona ikifika kwenye kumbi. Kanda za VHS zilipoenea katika miaka ya 1980, njia hizo mbili ziliungana, na filamu iliyohitaji ukumbi wa mamia ya viti ikaweza kuonyeshwa katika chumba cha watu thelathini.

Kwa nini Asia, wala si Ulaya? Jibu la haraka ni kwamba ngumi haihitaji mkalimani. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu ngumi za Marekani nazo zilikuwepo na zilipendwa. Filamu za Hong Kong na za Bombay za miaka ile zilikuwa na kisa ambacho mtazamaji wa Eastlands alikifahamu kabla hakijaanza: kijana maskini ana deni la heshima, mwenye nguvu amemdhulumu mzazi wake, na njia pekee ya kulipa deni hilo ni kujifunza kazi ngumu kwa mwalimu mkali. The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978 hutumia sehemu yake kubwa kuonyesha mwanafunzi akibeba maji na kuimarisha viungo kabla ya kuruhusiwa kupigana. Kijana aliyejifunza useremala au umakanika chini ya fundi wa Kariobangi hakuhitaji kufafanuliwa maana ya chumba cha thelathini na sita.

Kizuizi kilikuwa lugha. Tangu mwaka 1963 serikali ya kikoloni ya Hong Kong ilikuwa imeamuru filamu zote za huko ziwe na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Maandishi hayo yalikuwa madogo, meupe juu ya mandhari meupe, mara nyingine yamekatwa na ukingo wa runinga, na Kiingereza chake kilikuwa cha ajabu. Aliyekaa benchi la nyuma hakuyaona. Aliyekaa mbele pengine hakuyasoma upesi. Hapo ndipo msimulizi alipopata kazi.

Wasimulizi wa Asia yenyewe

Kabla ya kumtazama msimulizi wa Huruma, inafaa kwenda Japani ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa kulinganisha kazi za mbali hufichua yale ambayo ukaribu huyaficha. Katika enzi ya filamu bubu, kila ukumbi wa Japani ulikuwa na benshi: mtu aliyesimama au kuketi kando ya pazia, akaeleza kisa, akanena kwa sauti za wahusika wote, wa kike na wa kiume, akatoa maoni yake na kuwaliza watazamaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 benshi walikuwa zaidi ya 6,000 nchini humo, wanawake wakiwemo. Jina la benshi mashuhuri liliweza kuvuta watu kuliko jina la mwigizaji. Korea nayo ilikuwa na wasimulizi wake, walioitwa byeonsa, na Thailand iliendelea kuzitia filamu sauti papo hapo ukumbini hadi miaka ya 1970.

Benshi hawakukosa wapinzani. Katika miaka ya 1910 lilizuka vuguvugu la wasomi wa Kijapani waliotaka filamu safi, yaani filamu inayojieleza kwa picha bila mtu wa kuisemea. Kwao, benshi alikuwa kelele iliyosimama kati ya mtazamaji na sanaa. Msomaji atatambua hoja hiyo, maana ndiyo hutolewa leo dhidi ya msimulizi wa Nairobi.

Waliowaondoa benshi hawakuwa wasomi hao bali filamu zenye sauti, zilizofika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Miongoni mwa waliopoteza riziki ni benshi kijana aliyeitwa Heigo Kurosawa, aliyeshiriki katika uongozi wa mgomo wa wenzake dhidi ya sauti hizo. Mgomo ulishindwa, na mwaka 1933 Heigo alijiua. Mdogo wake, ambaye Heigo ndiye aliyemfundisha kuzipenda filamu, alikuwa Akira, yule yule ambaye miaka 18 baadaye Venice ilimtuza kwa filamu ambamo tukio moja linasimuliwa na mashahidi wanaopingana. Si lazima kudai kwamba Rashomon ilitokana na kazi ya kaka. Yatosha kusema kwamba nyuma ya tuzo hiyo kubwa ya sinema ya Asia katika tamasha la Ulaya kulikuwa na msimulizi wa ukumbini.

Siku hizi benshi wachache waliobaki, kama vile Midori Sawato, hualikwa nje ya Japani kusimulia filamu za kale mbele ya watazamaji wanaoshangilia kwa adabu. Yaani kilichoonekana kelele mwaka 1915 sasa ni urithi.

Fanani, hadhira na wakati

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Wanafunzi wengi hukariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani na kuitolea mifano ya bibi na wajukuu kando ya moto. Kibanda cha video ni mfano bora zaidi, kwa sababu upo karibu na kila kipengele kinaweza kuchunguzwa.

Kipengele cha wakati ndicho chenye utajiri mkubwa zaidi. Mtambaji wa ngano huumiliki wakati wake: akitaka kurefusha safari ya sungura, atairefusha. Msimulizi wa filamu hana uhuru huo. Picha inakimbia, na mhusika akifunga mdomo ni lazima sentensi iwe imekwisha. Kikantoni na Kihindi havina urefu sawa na Kiswahili, ambacho hupenda viambishi na maneno marefu. Kwa hiyo msimulizi hupunguza, huunganisha, hurusha kauli nzima na kuifidia baadaye mhusika anapotembea kimya. Ni kazi inayokaribiana na ya mtunzi wa shairi la arudhi, ambaye naye hulazimika kuiingiza fikra katika mizani asizozichagua. Tofauti ni kwamba mshairi anaweza kufuta.

Kuhusu fani, msimulizi hatafsiri neno kwa neno, na anayemhukumu kwa kipimo hicho amekosea mlango. Huwapa wahusika majina ya nyumbani. Huhamisha mandhari: kijiji cha milimani kikawa mahali panapojulikana na waliomo kibandani. Hutanguliza taarifa, akadokeza kwamba anayecheka sasa atalia kabla ya mwisho. Hubadili sauti kwa mzee, mtoto na msaliti. Hutumia methali, na papo hapo huibeua kwa Sheng. Chukulia, kwa mfano wa kubuni, tukio ambamo mwanafunzi anapiga magoti mbele ya mwalimu wa kung'fu na kunena kwa dakika nzima. Mfasiri wa maandishi angelitoa ombi lote kwa ukamilifu. Msimulizi anaweza kulifupisha katika sentensi moja, kisha akazitumia sekunde zilizobaki kueleza kwamba huyu mzee anayeombwa ni mkali kama mwenye nyumba siku ya tarehe tano. Hadhira inacheka, kwa sababu kodi ya nyumba haihitaji tanbihi Huruma.

Neno moja linastahili kutajwa peke yake, nalo ni stering. Limetokana na neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa kwenye mabango mbele ya majina ya waigizaji wakuu. Kibandani likaacha kuwa kitenzi cha bangoni na kuwa nomino ya mtu: stering ni shujaa wa filamu. Kutoka hapo ikazaliwa kauli inayojulikana Kenya na Tanzania kwamba stering hafi. Kauli hiyo ni kanuni ya kifasihi iliyotungwa na hadhira yenyewe, na huitumia kuhakiki. Stering akifa, filamu hulaumiwa, au hudaiwa kwamba kuna sehemu ya pili.

Hadhira nayo haikai kimya. Hushindana na msimulizi, humrekebisha, hutabiri, humwonya mhusika asigeuke nyuma. Msimulizi mzuri hujibu. Msimulizi mzuri zaidi hunyamaza: panapo pigano kubwa, huziachia sauti za filamu zifanye kazi, akarudi vumbi likitua. Wapo wasiojua kunyamaza, na hao ndio waliowapa wasomi wa filamu safi sehemu ya hoja yao.

Msimulizi hakuwa wa Nairobi pekee. Nchini Uganda huitwa veejay, na kazi yake kwa Kiganda imekuwa tasnia kamili. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, ambaye filamu zake zilizotiwa Kiswahili zilisambaa kwa kanda na baadaye kwa DVD. Mwanaanthropolojia Matthias Krings amemchambua katika kitabu chake African Appropriations cha mwaka 2015. Nchini Kenya jina lililovuma kuliko yote ni la DJ Afro, aliyeanzia katika vibanda na ambaye sauti yake ilienea kwa CD, kisha kwa kumbukumbu ndogo za flashi na kwa simu, hadi watu wasiowahi kuketi kwenye benchi la kibanda wakaijua.

Liyongo na mwana wa Shaolin

Wapo watakaosema kwamba masimulizi haya ni burudani ya kuazima na hayana mizizi katika jadi ya Kiswahili. Ulinganisho mmoja unatosha kuonyesha kwamba mizizi iko karibu kuliko wanavyodhani.

Mwaka 1977 Lau Kar-leung alielekeza Executioners from Shaolin. Ndani yake mna adui mzee, Pai Mei, ambaye mwili wake haudhuriki kwa pigo la kawaida. Udhaifu wake umefichika, na hata anayejua kwamba upo hushindwa kuupata kwa wakati ufaao. Hung Hsi-kuan, stering wa nusu ya kwanza, hufanya mazoezi kwa miaka mingi ili kumlipiza kisasi. Anakwenda, na anauawa. Mwanawe anabaki na kitabu cha mtindo wa simbamarara kilichotafunwa na wadudu, na mafunzo ya mtindo wa korongo aliyopewa na mamake. Anaunganisha viwili hivyo, na Pai Mei anashindwa.

Msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hana haja ya kuelezwa zaidi. Liyongo naye haingiliwi na silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo huijua yeye, na ni mwanawe wa kumzaa anayeichunguza na kumuua kwa tamaa ya ahadi za mfalme. Mwili usiodhurika, mahali pamoja pa mauti, na mtoto aliyeshika ufunguo: vifaa ni vile vile, ila vimepangwa kinyume. Nchini China mtoto anautumia ujuzi kulipa deni la baba. Pate mtoto anautumia kumuuza baba. Na mama wa Liyongo, anayeombwa na watu waliokosa kuteka maji ambembeleze mwanawe aliyefia kisimani, ana mwenzake katika mama wa korongo, ambaye mafunzo yake ndiyo yaliyookoa ukoo baada ya mtindo wa mumewe kushindwa peke yake.

Hapa pana somo la darasani ambalo walimu wa fasihi hawajalitumia. Mwanafunzi anayeona Liyongo kuwa kazi ngumu ya lahaja ya kaskazini huenda ameshakutana na umbo lake lote, kwa sauti ya msimulizi, kabla ya kuingia sekondari. Tena Liyongo anaivunja kanuni ya kibanda: stering anakufa, na hakuna sehemu ya pili. Kuuliza kwa nini jadi ya pwani iliruhusu kifo hicho ni kuanza uhakiki wenyewe.

Wala pwani si ngeni kwa kazi ya kuitia sinema ya Asia Kiswahili. Mjini Mombasa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa kuchukua lahani za nyimbo za filamu za Kihindi na kuzitia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Sauti ilikuwa ya Bombay, mizani na vina vya Mvita. Hakuna profesa anayemwita Ahmad Nassir mwizi. Msimulizi wa Huruma amefanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa nathari, upande wa pili wa reli.

Lawama na sheria

Haifai, hata hivyo, kumpamba msimulizi kupita kiasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri na kuirekebisha, na nakala nyingi za vibandani hazikuwa na idhini ya mtu yeyote wa Hong Kong wala Mumbai. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ipimwe na kupewa kiwango cha umri kabla ya kuonyeshwa hadharani, na kiwango hicho hakikuheshimiwa daima pazia lilipofungwa. Wazazi wa Eastlands waliolalamika kwamba watoto walilikimbia darasa na kujificha kibandani hawakuwa wakizua. Na usimulizi wenyewe una doa: wahusika wa kike mara nyingi hutiwa maneno ambayo filamu haikuwapa, ya kuwadhalilisha, kwa sababu kicheko cha benchi la wanaume ni rahisi kupatikana kwa njia hiyo. Korongo yule aliyeokoa ukoo anaweza kugeuzwa kichekesho. Uhakiki wa dhati wa sanaa hii unapaswa kuanzia hapo, kwa ukali ule ule unaotumiwa kuhakiki riwaya.

Lakini kosa la kisheria halifuti sanaa. Benshi naye alikuwa chini ya usimamizi; serikali ya Japani iliwataka wawe na leseni. Ilimpa leseni, ikamdhibiti, na kwa hivyo ikaacha kumbukumbu zake. Nairobi kwa muda mrefu ilimjua msimulizi siku ya msako tu.

Tamasha la Nchi za Jahazi

Kama kuna tamasha la kimataifa ambalo lingeweza kulishughulikia jambo hili, ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997 na kujitambulisha kuwa tamasha la nchi za jahazi. Jina hilo lina maana nzito. Linaiweka India, Iran, nchi za Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi katika uwanja mmoja na Afrika Mashariki, na kikombe chake ni jahazi la dhahabu. Kwa tamasha hilo Asia si bara la kigeni linaloalikwa. Ni upande wa pili wa maji. Zaidi ya hayo, mbali na maonyesho ya Ngome Kongwe, limewahi kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, ambako tatizo la maandishi ya Kiingereza ni lile lile la Huruma.

Zanzibar ina kumbukumbu yake pia. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilivyowateka watazamaji wa visiwani na bara, na jinsi mazungumzo juu yake yalivyoendelea majumbani na mitaani baada ya taa za ukumbi kuwashwa. Waliokosa kuiona walisimuliwa. Hao waliosimulia walikuwa wasimulizi bila kipaza sauti.

Jijini Nairobi, Tamasha la Filamu la Mitaa ya Mabanda lilianza mwaka 2011 na kuonyesha filamu Kibera na Mathare, hatua chache kutoka Huruma. Lilifanya jambo jema la kuwapa wakazi kamera na pazia. Lakini lilijihusisha na filamu zilizotengenezwa mitaani au kuihusu mitaa. Asia iliyoishi mitaani humo kwa miaka thelathini haikuwa shughuli yake.

Kwamba sauti ya msimulizi inaweza kupita katika tamasha kubwa si ndoto. Wakaliga, mtaa duni wa Kampala, ndiko Isaac Nabwana anakotengeneza filamu za mapigano zenye damu nyingi ya kung'fu ndani yake, na katika filamu hizo sauti ya VJ Emmie huchekesha na kushangilia juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2019 mojawapo, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto nchini Kanada. Watazamaji wa huko walimsikiliza veejay kama sehemu ya filamu.

Jambo linalowezekana, basi, ni usiku mmoja Ngome Kongwe, au uwanjani Huruma, ambapo filamu ya kale ya Shaw Brothers inaonyeshwa kwa idhini na malipo kwa mwenyewe, benshi anasimulia nusu ya kwanza kwa Kijapani, na msimulizi wa Eastlands anaipokea nusu ya pili kwa Kiswahili. Idara za Kiswahili zingekuwa na kazi yake pia: kurekodi, kunukuu na kuhifadhi, kama zilivyofanya kwa ngano na nyimbo za jando.

Kazi hiyo ina haraka. Simu na intaneti zimepunguza wateja wa vibanda, na vingi vilivyobaki huishi kwa soka. Usimulizi uliorekodiwa unaendelea kusambaa, lakini ule wa papo hapo, wa miaka ya 1990, ulitoweka mara tu uliponenwa. Pale mtu alipobahatika kuunasa, ulinaswa kwenye kanda ya VHS, na kanda ilikuwa ghali. Filamu mpya ilipofika kutoka mjini, ilirekodiwa juu ya ile ya zamani.